Muhula wa kwanza wa shahada ya baiolojia: kemia na takwimu, au wanyama na ikolojia?

Mhitimu wa CBG, Ujiji

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya sayansi katika baiolojia. Baiolojia ya seli, stadi za mawasiliano na stadi za maendeleo ni za lazima, kwa hiyo hazinipi mashaka. Mashaka yangu yapo kwenye nafasi mbili zilizobaki. Njia ya kwanza ni kuchukua kemia ya jumla pamoja na takwimu za awali. Njia ya pili ni kuchukua wanyama wasio na uti wa mgongo pamoja na ikolojia ya awali, kisha kemia na takwimu nizisogeze hadi mwaka wa pili, jambo ambalo chuo kinaruhusu. Nimekulia kando ya ziwa na ninatamani siku moja nifanye utafiti wa samaki, hivyo moyo wangu unaelekea njia ya pili. Isitoshe, kemia ndiyo iliyonisumbua zaidi shuleni. Ninaomba mnisaidie kupima kabla sijasajili.

Mwalimu wa Kemia, Tabora

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuuliza kozi ipi inapendeza, uliza kozi ipi inashikilia nyingine. Baiokemia haisomeki bila kemia ya kikaboni, na kemia ya kikaboni haisomeki bila kemia ya jumla. Ukiisogeza ile ya chini kwa mwaka mmoja, zote zilizo juu yake zinasogea, na mwaka wa tatu utajikuta na mlundikano. Ikolojia ya awali haina mnyororo wa namna hiyo, kwa hiyo haipotezi kitu ikisubiri.

Pia usidhani kwamba ukiikwepa kemia utakuwa umeiacha. Wiki za mwanzo za baiolojia ya seli zinahusu utando wa seli, osmosisi, pH na vimeng'enya, na hayo yote ni kemia iliyovaa nguo nyingine. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani wakikariri kwamba seli ya kitunguu husinyaa ndani ya maji ya chumvi, lakini wakiambiwa watengeneze mmumunyo wa chumvi wa moli 0.5 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) wanabaki wameshika chupa. Jibu ni gramu 29 hivi za chumvi ya mezani, zinazoyeyushwa kwanza kwenye maji pungufu, kisha maji yanaongezwa hadi lita moja itimie. Mwanafunzi asiyejua hesabu hiyo atamtegemea mwenzake katika kila zoezi la vitendo.

Mwaka wa Pili, Kasulu

Ninamheshimu Mwalimu, ila ninaomba niongeze upande wa saa, kwa sababu ndio ulioniangusha. Katika utaratibu wa vyuo vyetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima ni krediti 120, yaani takriban 60 kwa muhula. Kozi ya krediti 10 ni saa 100, ambazo kwa muhula wa wiki 15 zinakaribia saa saba kila wiki. Kwenye karatasi kozi zote za krediti 10 zinalingana, lakini yenye maabara inakula muda kwa namna yake: zoezi la saa tatu mchana linafuatwa na ripoti ya usiku, yenye michoro ya kile ulichokiona kwenye hadubini, kila sehemu ikiwa na jina lake na vipimo vyake.

Mimi muhula wa kwanza nilichukua kozi tatu za maabara kwa pamoja. Ripoti zote tatu zilidaiwa ndani ya siku mbili, nikaanza kuwasilisha zisizokamilika, na mwisho nikafanya mtihani wa marudio katika kozi niliyoipenda kuliko zote. Ndugu yangu, hesabu maabara kabla ya krediti. Njia yako ya pili ina maabara mbili pamoja na safari za nje za ikolojia, na ukiongeza ile ya seli utakuwa pale pale nilipokuwa. Njia ya kwanza, hata ukihesabu ile ya seli, ina maabara mbili tu, kwa kuwa takwimu hazina.

Mtafiti wa Samaki, Kigoma

Mdogo wangu wa Ujiji, umetaja samaki, nami nitakuonyesha kwamba ziwa lenyewe linaipendelea njia ya kwanza. Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, lakini maji yenye oksijeni ni tabaka la juu tu. Chini ya hapo samaki hawaishi, ilhali huko ndiko virutubisho vinakojikusanya. Upepo wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi ndio unaosaidia kuvirudisha juu, mwani unastawi, wadudu wadogo wa majini wanaula, dagaa wanawala wadudu hao, na migebuka wanawala dagaa. Kiungo cha kwanza cha mnyororo huo ni kemia ya maji.

Takwimu nazo ni za lazima kwa kazi hii. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Ili kujua kama wameongezeka, huwezi kulinganisha mavuno ya usiku wa giza kabla ya kufunga na mavuno ya mbalamwezi baada ya kufungua, maana taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwa mpevu. Anayejua kuchukua sampuli ataliona kosa hilo mapema.

Mhitimu wa CBG, Ujiji

Nimewaelewa, na ninawashukuru sana. Nitasajili kemia ya jumla na takwimu, na wanyama nitawachukua muhula wa pili. Nimebaki na hofu moja: fizikia niliiacha kidato cha nne.

Mwalimu wa Kemia, Tabora

Fizikia haitakuzuia muhula huu. Rudia moli, asidi na besi, na uwiano wa kemikali kabla ya chuo kufunguliwa.

Mtafiti wa Samaki, Kigoma

Nawe ungali nyumbani, chukua rula na daftari, uende mwaloni Kibirizi alfajiri, upime urefu wa dagaa 100 waliochukuliwa bila kuchaguliwa, na uandike tarehe na hali ya mwezi. Daftari hilo uende nalo kwenye somo la kwanza la takwimu.