Luis Enrique: kocha mkubwa kweli, au ana bahati ya wachezaji?

Mleta mada:

Wakuu, tangu PSG ya Paris waitandike Inter 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Munich Mei 31, 2025, ubishi juu ya kocha wao Luis Enrique hauishi. Kuna wanaomweka meza moja na Guardiola, kwa sababu ni hao wawili tu waliobeba ligi, kombe la nchi na Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa msimu mmoja wakiwa na klabu mbili tofauti (Enrique ni Barcelona 2015 na PSG 2025). Wengine wanasema mpe mtu yeyote Messi, Suárez na Neymar kama alivyopewa Barcelona, halafu mwongezee hela za Qatar wanaoimiliki PSG, uone kama hatabeba.

Mimi nasema hivi: Enrique hakubadilika sana tangu Roma. Kilichobadilika ni waajiri wake.

Tuanzie huko Roma, maana wengi wanaruka. Alifika 2011 akiwa ametoka Barcelona B. Kwenye mchujo wa Europa League dhidi ya Slovan Bratislava, Roma wanaongoza 1-0 nyumbani na jumla ni 1-1, akamtoa nahodha na kipenzi cha mashabiki, Totti, akamwingiza Okaka. Slovan wakasawazisha, Roma nje. Kumtoa Totti mbele ya watu wa Roma na kisha kutolewa mashindanoni ni balaa ambalo kocha mgeni hasamehewi. Februari 2012 kiungo wao De Rossi akachelewa kikao cha timu. Enrique akamweka pembeni mechi ya Atalanta, wakalala 4-1. Msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 7, naye akaondoka huku mkataba bado upo.

Sasa nenda Paris. Oktoba 2024 anamwacha mshambuliaji wake Dembélé nyumbani kwa sababu za kinidhamu, na PSG wanakwenda London kufungwa 2-0 na Arsenal. Suala ni nidhamu tena, adhabu inafanana, kipigo kipo palepale. Ila safari hii uongozi ulisimama naye. Miezi minane baadaye tulimwona Dembélé huyohuyo kwenye fainali, amesimama ukingoni mwa boksi la Inter kama mbwa wa ulinzi, anamsubiri kipa Sommer aguse mpira amrukie. Septemba akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Mbappé. Mabao 44 msimu wa 2023/24, halafu anaondoka bure kwenda Madrid. Kocha mwingine angelia apewe mbadala. Enrique alisema mapema kuwa timu itakuwa bora zaidi bila yeye, na watu wakamcheka. Akamhamishia Dembélé katikati, akampa nafasi winga kijana kama Doué, Januari akaletewa Kvaratskhelia, na wote wakakaba. Ndiyo tofauti niliyoiona mimi. PSG ya Neymar, Messi na Mbappé ilikuwa inakaba na watu saba.

Kumbukeni pia alivyocheza. Huyu bwana alikuwa mshambuliaji, winga, kiungo, hata beki wa pembeni kocha akitaka. Alikwenda Kombe la Dunia mara tatu, na Marekani 1994 Tassotti wa Italia alimvunja pua kwa kiwiko refa asione. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwelewa nyota anayetembea uwanjani timu ikipoteza mpira.

Uwanja ni wenu.

Shabiki wa Barça:

Mkuu, umeandika vizuri ila umekwepa Anoeta, uwanja wa Real Sociedad, na ndipo hoja yako inapovunjika.

Januari 4, 2015 aliwaweka benchi Messi na Neymar ugenini kwa Real Sociedad, tukafungwa 1-0. Kesho yake mkurugenzi wa michezo, Zubizarreta, akafukuzwa. Magazeti yakajaa habari za ugomvi wa kocha na Messi. Kama Enrique ni yule yule siku zote, angeendelea kukaza. Hakukaza! Tangu siku ile Messi akawa anaanza karibu kila mechi, hapumzishwi, na timu ikashika moto. Messi, Suárez na Neymar walifunga mabao 122 msimu ule. Hata Suárez kukaa katikati na Messi kwenda kulia, Suárez mwenyewe amewahi kusimulia kuwa ni Messi aliyemwambia abaki pale.

Kwa hiyo kwetu alishinda kwa kulegeza. Sisemi ni vibaya, kujua wakati wa kulegeza nao ni ukocha. Ila usituambie hakubadilika.

Shabiki wa Madrid:

Mimi namjua kabla hajawa kocha. 1996 mkataba wake na sisi Real Madrid uliisha, akavuka bure kwenda kuchezea Barcelona, na kila alipotufunga alishika jezi yao akatuonyesha. Chuki yangu naitangaza mapema ili msiitafute.

Tumpime pale ambapo hakuna usajili: timu ya taifa ya Hispania, aliyoifundisha kabla ya PSG. Euro ya 2020 (iliyochezwa 2021) hakuita hata mchezaji mmoja wa Real Madrid, nahodha Ramos akaachwa. Sawa, alifika nusu fainali, akatolewa na Italia kwa penalti. Qatar 2022 akaanza na 7-0 dhidi ya Costa Rica, dunia ikapagawa. Kisha sare na Ujerumani, kipigo cha 2-1 kwa Japani, na hatua ya 16 bora akakutana na Morocco. Pasi zaidi ya 1,000, dakika 120, bao hakuna. Kwenye matuta Sarabia, Soler na Busquets wote wakakosa. Na huyo ndiye aliyewaambia wachezaji wafanye mazoezi ya penalti 1,000 kabla ya kwenda!

Baada yake akaja kocha De la Fuente, mtu asiye na makelele. Akaweka mawinga wawili wenye kasi, akabeba Nations League 2023 na Euro 2024. Nchi ileile, vijana karibu walewale.

Mfuatiliaji wa soka la Afrika:

Naomba niingilie hapo kwenye Morocco, maana kila Mhispania akizungumzia mechi ile utadhani walicheza dhidi ya koni za mazoezi.

Morocco ya kocha Regragui ilikuwa haijafungwa na mpinzani yeyote kwenye michuano ile. Bao moja waliloruhusu walijifunga wenyewe dhidi ya Canada. Baada ya Hispania wakaitoa Ureno na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kiungo Amrabat alikuwa anafagia kila kitu, kipa Bounou akapangua penalti mbili. Enrique alizidiwa na timu nzuri iliyojua inachofanya. Mlaumuni kwa kukosa mpango wa pili, lakini sifa ya Morocco msiigeuze kuwa kosa la Hispania.

Shabiki wa Arsenal:

Sisi ndio tuliompiga 2-0 ile Oktoba. Akarudi nusu fainali akatutoa jumla ya 3-1. Sina mchango zaidi, nimepita tu kusoma.

Mleta mada:

Nawajibu kwa haraka, ila Barça anastahili jibu refu.

Mkuu, sikatai kwamba baada ya Anoeta Messi alicheza kila kitu. Ila tazama kilichobaki: kukaba kwa haraka mpira ukipotea, mashambulizi ya moja kwa moja ambayo wazee wa tiki-taka (mchezo wa pasi fupi nyingi) walilalamika kuwa yanaua utamaduni wa klabu, na Xavi kuanzia benchi mechi nyingi. Xavi! Kwa hiyo nyota mmoja alimshinda, lakini timu nzima aliishika. Na huyo mmoja alikuwa Messi wa miaka 27. Nani angemshinda?

Madrid, kuhusu De la Fuente: Nico Williams alianza kuitwa timu kubwa na nani? Pedri mwenye miaka 18 aliaminiwa Euro na nani? Gavi je, aliyepewa mechi ya kwanza akiwa na miaka 17, ugenini Milan, siku Italia walipokatiwa mfululizo wao wa mechi 37 bila kufungwa? Ninachokubaliana nawe ni hili: mawinga Enrique alikuwa nao kwenye Kombe la Dunia Qatar, lakini aliwatumia kama watu wa kurudisha mpira nyuma.

Suala la hela ndilo linalonichekesha zaidi. Qatar wako Paris tangu 2011. Neymar peke yake aligharimu euro milioni 222. Wamepita Ancelotti, Blanc, Emery, Tuchel, Pochettino, wote hao, na aliyekaribia ni Tuchel, aliyefungwa fainali 2020. Emery aliingia Camp Nou Machi 2017 akiwa mbele 4-0 kutoka mechi ya kwanza, akatoka amefungwa 6-1. Benchi la Barcelona siku ile alikuwepo nani?

Na Celta, aliyoifundisha kabla ya Barcelona, mmeisahau. Msimu wa 2013/14, bila nyota hata mmoja wa bei, nafasi ya 9, na Mei akawafunga Madrid 2-0 mkaaga mbio za ubingwa.

Shabiki wa Madrid:

Nafasi ya 9. Nakuachia hiyo uitungie wimbo.

Shabiki wa Chelsea:

Mmeandika insha nzima mkafika Munich mkasimama, kana kwamba 2025 iliisha Mei. Julai 13, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule New Jersey: tuliwapiga PSG tatu bila, zote kipindi cha kwanza. Palmer mbili, João Pedro moja. Kocha wetu wa wakati ule, Maresca, alielekeza mipira nyuma ya beki wao wa kushoto Nuno Mendes tangu mwanzo, na kocha wenu asiyebadilika hakubadilika kweli, mpaka mapumziko.

Halafu filimbi ikalia, akaingia kwenye vurumai, mkono wake ukaishia kwa João Pedro aliyekwenda chini. Alijitetea kuwa alikuwa anatenganisha watu. Huenda. Ila mleta mada, hoja yako yote imesimama juu ya nidhamu: De Rossi dakika chache za kuchelewa, nje, Dembélé, nje. Sasa kocha mwenyewe akikosa nidhamu kwenye fainali, Paris nani anamweka benchi?