ETI KODI YA MSIRI! Yule wa meka pale soko la Bunkeya anatuona wajinga

Wenzangu wa Lubumbashi, msinitulize. Nimeshuka kwenye lori sasa hivi, vumbi la njia ya Likasi bado limejaa masikioni.

Yule mnunuzi wa mahindi pale Bunkeya mnamjua. Wa kofia. Nani hajaumizwa naye? Nimetoka kijijini na magunia ya mama, nikapanga foleni alfajiri. Meka yake, chombo chake cha kupimia, ameigonga kwa nyundo mpaka kitako kimetokeza nje kama mimba ya mapacha. Kijiji kizima tulime, watoto na wazee, haijai! Anamwaga, anatikisa, anashindilia kwa kiwiko, halafu anajenga mlima juu. Nikamwambia: papa, hiyo ya juu nani analipa? Akapangusa mikono, akageukia watu: "Hiyo ya juu ni kodi ya Msiri."

Soko lote likacheka. Hata mama mdogo wangu!

Msiri, mfalme wa zamani wa Bunkeya, alipigwa risasi mwaka 1891! Yeye aliletewa pembe za ndovu, chumvi, misalaba ya shaba. Wafanyabiashara walimfuata toka Angola na toka Zanzibar. Wewe una nini? Kofia! Nikulipe wewe kodi ya marehemu? Na alivyopangusa ile mikono, polepole, kidole kwa kidole...

Yaya_Katuba: Franka ulipokea? Basi unalia juu ya nini? Ungebeba magunia yako urudi kwenu.

PapaMitumba: Kodi ya Msiri 😂😂 Kesho naanza kuitoza hapa Lubumbashi, soko la Kenya.

Mleta uzi: Chekeni tu. ALIPANGUSA MIKONO!!

Mwalimu_Mstaafu: Tarehe ni 20 Desemba. Aliyempiga ni Bodson, ofisa Mbelgiji, naye hakupona. Kijana, mfalme usimchanganye na walanguzi.

Fundi_Kampemba: Mahindi afadhali. Mimi juzi gunia la makala (makaa): juu makala, katikati majani, chini vumbi tupu. Mke wangu amenuna mpaka leo, bukari (ugali) tunapikia kwa jirani.

Mtoto_wa_Luapula: Makala ni nini? Njooni Kasenga mnunue samaki wakavu. Kikapu wa juu wanene, wa chini mifupa na macho.

PapaMitumba: Macho si unakula na sombe (kisamvu)?

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa tunaongelea meka

Yaya_Katuba: Fundi, hilo gunia ulilipa ngapi? Huku kwetu yamepanda tena.

Fundi_Kampemba: Usiniulize mbele ya watu.