Yule mwenye kofia wa usiku wa country leo kamwita mama yangu bibi KWENYE MAIKI

Mtoto wa Santuri

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, nje ya geti. Mama ameshaingia ndani, hajasema neno tangu tutoke pale. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Jina la huyo DJ silitaji, sitaki kufungiwa. Lakini mnamjua. Yeyote aliyewahi kunywa hata soda hapa Arusha Jumamosi usiku anamjua. Kofia ya kauboi pana kuliko mwavuli wa muuza vocha. Buti zina ncha, zinafika mezani dakika mbili kabla yake. Kiingereza cha Texas, mtu kazaliwa Ngaramtoni. Huyo huyo. Msijifanye.

Leo mama katimiza miaka 70. Huyu mama kanilea na country, ule muziki wa makauboi wa Marekani. Kwetu santuri zilikuwa saba, marehemu baba alizinunua moja moja, na ukigusa ile sindano ya gramafoni ulikuwa unalala njaa. Jim Reeves kabla ya kanisa, Dolly Parton baada ya kanisa. Nikasema mwaka huu sinunui kitenge, nampeleka mama akamsikie Dolly kwenye spika kubwa, na mbuzi juu.

Tumefika saa mbili. Nikaandika ombi kwenye tishu kwa herufi kubwa: JOLENE, YA DOLLY, ILE YENYEWE YA 1973. Nikaikunja pamoja na elfu 5. Elfu 5 jamaa kaiona vizuri sana. Maandishi hakuyaona.

Kilichopigwa sijui nikiiteje. Ni Jolene aliyegongwa na lori. Gitaa kalitoa, kaweka mdundo wa singeli, na kila Dolly akianza kumsihi yule mwanamke asimchukulie mume, jamaa anabonyeza honi ya basi la mkoani. Dolly anasihi, pooooo! Dolly anasihi, pooooo! Meza ya nyuma wanashangilia, wanadhani gari la Dodoma limeingia.

Mama akainuka mwenyewe. Kwa adabu zake zote, khanga kajifunga vizuri, akaenda mpaka mbele akamwambia, "Mwanangu, kama Dolly amekushinda, basi tupigie Loretta Lynn." Mwanangu! Kamwita mwanangu!

Shikamoo hakuna. Jamaa kanyanyua maiki. Kasema hivi, neno kwa neno: "Bibi, hapa hatupigi wanawake wenye mdomo. Mwanamke wa country kazi yake kulia."

KWENYE MAIKI.

Ukumbi mzima ukacheka. Hadi mhudumu aliyebeba ugali wetu kacheka, ugali ukatikisika.

Mimi sina ugomvi na mtu kurudia wimbo wa zamani. Beyoncé kairudia Jolene hiyo hiyo 2024 kwenye albamu yake ya Cowboy Carter. Maneno kayageuza, pale Dolly alipobembeleza yeye anaonya, na Dolly mwenyewe anasikika kabla ya wimbo kuanza, kambariki. Umpende usimpende, yule alikuwa na la kusema. Huyu wetu alikuwa na honi.

Halafu hili la kulia. Kazi yake kulia?? Kwenye maiki?? Dolly huyo huyo, meneja wa Elvis Presley alitaka nusu ya haki za I Will Always Love You ndipo Elvis aurekodi. Elvis, wakuu! Dolly kakataa. Ndiyo, mwenyewe anasimulia kwamba alilia usiku kucha. Kukakucha, bado kakataa. 1992 Whitney Houston akauimba, na fedha zilizoingia kwa Dolly sitaki hata kuziwazia. Kalia akaamka tajiri. Wewe umecheka, umeamka na elfu 5 yangu.

Na Loretta! Kaolewa na miaka 15, anafika 20 ana watoto wanne. 1975 katoa wimbo wa vidonge vya uzazi wa mpango, redio kibao za Marekani zikaufungia, watu wakaununua hivyo hivyo. Mama anaupenda sana wimbo ule kwa sababu zake mwenyewe. Mimi ni mtoto wa mwisho, sijawahi kuuliza.

Bibi. Mama yangu. Kwenye maiki.

Chumvi Kidogo

Nimesoma mpaka "wakuu". Fupisha.

Fundi Redio

Umempeleka mama yako wa miaka 70 baa saa mbili usiku, halafu mwenye makosa ni mshereheshaji?

Mtoto wa Santuri

Siyo baa. Ni sehemu ya nyama choma.

Fundi Redio

Ina kaunta?

Mtoto wa Santuri

Ina kaunta.

Fundi Redio

Haya.

Mzee wa Kanda

Kijana ana hoja ila povu limemzidi. Huyo mwenye kofia hajui hata anachokipiga. Ninyi wote hapa Skeeter Davis mnamjua kwa ule wimbo wa mwisho wa dunia, mnadhani yule ndiye mpole wao, mwanamke wa machozi. Desemba 1973 kasimama kwenye jukwaa la Grand Ole Opry kule Nashville, jukwaa ambalo kila mwimbaji wa country anaota kulikanyaga, akawasema polisi wa mji kwa kuwakamata vijana waliokuwa wanahubiri Yesu. Wakamsimamisha. Zaidi ya mwaka hakupanda pale. Mpole wenu huyo.

Na alisema kwenye maiki.

Chumvi Kidogo

KWENYE MAIKI hahahaaa. Mzee umemaliza uzi.

Mtoto wa Santuri

Chumvi, hapa hatuchekeshani. Mtu kaitwa bibi.

Chumvi Kidogo

Kwani wajukuu hana?

Mtoto wa Santuri

Anao tisa, lakini huyo jamaa simo kwenye hesabu. Simo, namaanisha HAYUMO. Mnaona mnavyonifanya.

Dada wa Njiro

Mimi naunga mkono mleta uzi. Ugonjwa huu haukuanzia Ngaramtoni, umetoka huko huko country ilikotoka. 2015 mshauri mmoja wa redio za country Marekani kasema waziwazi kwamba kwenye saladi wanaume ndio majani, wanawake ni nyanya, ziwekwe chache chache. Nyanya!

Na The Chicks, lile kundi la country la wanawake watatu, 2003? Mwimbaji wao Natalie Maines kasema jukwaani London kwamba wanaona aibu rais wa Marekani kutoka Texas kwao. Zimebaki siku kumi vita vya Iraki vianze. Redio zikawafungia, watu wakabeba CD zao kwenda kupondwa na trekta. Wimbo wao mmoja uliokuwa juu kwenye chati wakati huo ni Landslide wa Fleetwood Mac, wameurudia taratibu kabisa, mtoto analala. Nao ukaporomoka nao. Ukirudia wimbo wa watu ukiwa umenyamaza wewe ni msanii, ukifungua mdomo wewe ni CD ya kupitishiwa trekta.

Fundi Redio

Kwa hiyo mleta uzi akodi trekta akaponde honi?

Ngosha wa Stendi

Mimi nitasema ukweli na mnitukane. Ile Jolene ya honi ni kali. Nimeicheza mara tatu wiki hii. Mmezidi uzee.

Mtoto wa Santuri

Mods, huyu anaruhusiwaje humu?

Jirani wa Nakuru

Poleni sana majirani. Huku Kenya country ni kama dhehebu. Tuna Sir Elvis wetu, akishika gitaa unajikuta unatafuta farasi na wewe shamba lako lina kuku wanne. Lakini sisi shida yetu si honi. Shida ni mtangazaji mmoja wa Jumapili (wenzangu wa huku mnamjua) ambaye huongea juu ya Don Williams. Don Williams! Yule mtu nusu ya wimbo wake ni kunyamaza. Sasa wewe kile kimya unakijazia salamu za harusi na tangazo la mbolea. Mara ya mwisho nilizima redio, nikatoka nje, nikasimama tu kwenye mahindi.

Mzee wa Kanda

Jirani, hilo ni kubwa kuliko la mleta uzi.

Mtoto wa Santuri

Kubwa kuliko BIBI?

Mtu wa Kale

Nyote mnapoteza muda. Beyoncé siyo country. Mwisho wa habari.

Dada wa Njiro

Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake Grand Ole Opry, 1969. Katoa albamu moja, 1970, ikaishia hapo. Beyoncé kamtafuta, kamweka kwenye Cowboy Carter bibi wa watu akiwa na miaka 82. Februari 2025 albamu hiyo ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya country, mweusi wa kwanza kuipata. Na hiyo banjo mnayojidai nayo ilianzia mikononi mwa watumwa waliotoka Afrika Magharibi. Sasa nenda kamwambie nani siyo country.

Mtu wa Kale

Siyo country.

Mtoto wa Santuri

Dada, na wewe umeandika "bibi".

Dada wa Njiro

Nimemwita Linda Martell, sijamwita mama yako.

Binti wa Ng'ambo

Nyinyi watu wa bara mna raha. Mnamlilia Dolly wa Tennessee, yu hai, ana mali yake, ana bustani ya michezo yenye jina lake. Sie wa Unguja tumlilie nani? Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, kaenda Bombay 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Mdomo? Kaimba Kijiti, mwanamke kauliwa, muuaji kakimbilia Dar es Salaam, waliotoa ushahidi ndio wakatiwa ndani. Kaiimba mahakama nzima, na wakubwa wenyewe wanasikiliza. Bi Kidude kazichukua nyimbo za Siti kaziimba kwa sauti yake ile ya moshi, mpaka anakufa 2013 hakuna aliyethubutu kumwambia kazi yako kulia.

Leo nenda harusini usikilize taarabu. Udi wa kupigwa hakuna, ganuni hakuna, fidla hakuna. Kijana mmoja na kinanda kimoja, ndani yake kimemeza kundi zima, na anabonyeza "makofi" kwa kidole maana hata wapiga makofi kawafukuza. Nyie mmetiwa honi moja mnaanzisha uzi. Sie tumetiwa kinanda tangu nikiwa chuoni, na hatujaandika hata mstari.

Mzee wa Kanda

Hapa nimevua kofia.

Jirani wa Nakuru

Hiyo ya kubonyeza makofi imeniuma na mimi si hata wa pwani.

Fundi Redio

Kwaya yetu nayo kinanda kinabonyeza "Amina". Mchungaji akisita tu, Amina. Siku ya mazishi kilibonyezeka peke yake.

Ngosha wa Stendi

Anzisheni uzi wa vinanda. Mimi nina malalamiko ya miaka kumi.

Mtoto wa Santuri

Jamani tulikuwa kwa mama.

Ngosha wa Stendi

Mama gani?

Meza ya Nyuma

Naomba kuingia kidogo. Mimi nilikuwepo. Ndiye niliyeshangilia gari la Dodoma, mnisamehe, nilikuwa kwenye bia ya nne. Lakini mleta uzi, mbona hadithi umeikatia njiani? Waambie watu mama alifanya nini.

Mtoto wa Santuri

Hilo halihusiani na mada.

Meza ya Nyuma

Basi nasema mimi. Jamaa kamaliza maneno yake, watu wanacheka. Mama kamwangalia kama mwalimu wa zamu anavyomwangalia mtoto aliyechelewa namba. Kimya. Halafu kanyoosha mkono, KAMVUA ILE KOFIA. Kaivaa yeye. Kageuka, kapita katikati ya meza zote, polepole, mpaka nje kwenye gari. Kumbe jamaa ana kipara. Kabaki na kipara na maiki. Honi ikalia yenyewe, sijui aliegemea kitu. Ukumbi ulicheka mara mbili usiku ule, na cha pili ndicho kilikuwa kirefu.

Fundi Redio

NGOJA KWANZA.

Dada wa Njiro

Mama. Mama. Shikamoo mama.

Mzee wa Kanda

Kijana umeandika kurasa mbili za machozi na jambo lenyewe umelificha.

Mtoto wa Santuri

Sijaficha. Nimesema hajasema neno. Kweli hajasema. Hata kwenye gari alikuwa amenyamaza tu, na kofia, anaangalia mbele. Na mimi nilikuwa naongea peke yangu kuanzia pale hadi nyumbani.

Chumvi Kidogo

Kofia iko wapi sasa?

Mtoto wa Santuri

Kaingia nayo ndani.

Ngosha wa Stendi

Ni ngozi au kitambaa?

Mtoto wa Santuri

Ngozi, kwa nilivyoiona. Hivi kuna mtu amesoma ile sehemu ya bibi?

Jirani wa Nakuru

Saizi gani? Tuna sherehe ya shamba mwezi ujao. Natuma mtu Namanga aichukue.

Fundi Redio

Elfu 40, naifuata mwenyewe asubuhi.

Mtu wa Kale

Kofia hiyo siyo country. Elfu 42.

Binti wa Ng'ambo

Mwenyewe kaulizwa kama anauza?

Mtoto wa Santuri

Nimeingia kuchungulia. Amelala nayo.

Ngosha wa Stendi

Elfu 50. Akiamka mwambie.