Swapu imejaa kwenye seva ya Proxmox na RAM bado ipo, msaada wakuu

fundi_wa_zamu:
Habari za usiku wakuu. Nina seva ya Proxmox (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kisoftware ndani ya seva moja), RAM GB 64, swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikibanwa) GB 8, diski ziko kwenye ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili. Inabeba mashine pepe sita, jumla nimezigawia GB 40. Tangu juzi `free -h` inaonyesha swapu imetumika GB 7.9, ila "available", yaani RAM inayoweza kutumika, bado ni GB 11. Bosi ameona rangi nyekundu, anataka tuagize RAM nyingine. Kweli RAM imekwisha? Nikipiga `swapoff -a` kuzima swapu nitaharibu? Humo kuna data za mishahara, naogopa sana.

mzee_wa_kerneli:
Mkuu, usiagize kitu kwanza. Kerneli (kiini cha Linux) RAM ikibanwa hupeleka kwenye swapu kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, ambazo hazijaguswa siku nyingi. Presha ikiisha haizirudishi, inasubiri programu izihitaji. Kwa hiyo hiyo 7.9 inaweza kuwa ya tukio lililokwisha pita. Washa `vmstat 1`, tazama safu za si (kinachorudi kutoka kwenye swapu) na so (kinachopelekwa kwenye swapu). Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu seva iwashwe.

fundi_wa_zamu:
Asante mkuu. Mchana zote sifuri. Saa nane usiku bekapu ikianza, so inapanda hadi maelfu.

binti_seva:
Basi mwizi ni ARC, kashe ya ZFS. Kwenye Proxmox za zamani iliruhusiwa kufika nusu ya RAM, yaani GB 32 kwako. Jumlisha na 40 za mashine pepe, umeshapita 64. ARC huachia ikiombwa, lakini taratibu, na bekapu haisubiri. Weka `options zfs zfs_arc_max=8589934592` kwenye /etc/modprobe.d/zfs.conf, kisha `update-initramfs -u`, uwashe seva upya. Hiyo ni GB 8.

mzee_wa_kerneli:
Naunga mkono. Na `swapoff` usiipige kabla ya kupunguza ARC. RAM ikikosekana katikati, kerneli huua mchakato, na mkubwa kuliko yote hapo ni mashine pepe. Pengine hiyo ya mishahara. Swappiness, kipimo cha jinsi kerneli inavyopenda kutumia swapu, ishushe kutoka 60 hadi 10. Halafu hakikisha swapu yenyewe haikai juu ya ZFS, RAM ikibana seva inaweza kuganda kabisa.

fundi_wa_zamu:
Mrejesho: swapu iko kwenye patisheni yake. Nimeweka kikomo cha ARC, nikawasha upya Jumamosi. Bekapu tatu zimepita bila so kuvuka sifuri, swapu MB 210. Bosi nimemwonyesha, oda ya RAM imesimama. Mungu awabariki.