Naomba ushauri: mafuta ya transfoma kuukuu na hofu ya saratani

Habari zenu wakuu. Kwa miaka sita nilikuwa fundi wa kufungua transfoma za zamani. Mafuta yalitulowesha hadi viwikoni, tunanawa kwa petroli, tunakaa kula. Glavu tuliziona za watu wa ofisini.

Juzi nimesoma kwamba transfoma nyingi za kale zilijazwa PCB, kemikali ambayo IARC (shirika la utafiti wa saratani la WHO) imeiweka kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, hasa melanoma, saratani kali ya ngozi. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zinazodumu, uliizuia, lakini haiozi upesi: hujificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka.

Sasa nina baka jeusi mkononi linalobadilika umbo, nalo nimelidharau tangu mwaka jana (najua, msinigombeze). Nianze kwa daktari wa ngozi, au nipime damu kwanza? Naona kipimo kinaonyesha kiasi ulichonacho tu, hakisemi kama utaugua.

Na zile ovaroli bado zimo kwenye mfuko, zinanuka vilevile. Kuzichoma naogopa, maana PCB ikiungua vibaya hutoa dioksini na furani, ambazo ni sumu kali. Mliowahi kuzitupa, mlizipeleka wapi?