Paka anayelilia mlango wakati wa theluji: nimfungulie au nimzuie ndani?

Mwenye Chausiku aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina paka jike wa miaka minne aitwaye Chausiku, mwenye manyoya mafupi meusi, ambaye tangu utotoni amezoea kutoka asubuhi na kurudi saa aitakayo yeye. Sasa majira ya baridi yameingia, theluji imetanda, na kila kukicha hukaa mbele ya mlango akilia mpaka nimfungulie. Nikimfungulia hunusa hewa, huweka mguu mmoja kwenye theluji, huukung'uta kana kwamba mimi ndiye niliyeimwaga hapo, kisha hugeuka na kurudi ndani. Baada ya dakika kumi yuko tena mlangoni. Mara nyingine hutoka kweli, na juzi alikaa nje kwa karibu saa mbili, akarudi masikio yakiwa baridi kama chuma.

Jirani yangu husema kwamba paka amezaliwa na koti lake na anajua mwenyewe kipimo chake. Mimi sijatulia. Je, kipo kiwango cha baridi ambacho paka hapaswi kutoka kabisa? Na nikimzuia ndani, kilio hiki nitakifanyaje?

Mfugaji wa Siku Nyingi alijibu:

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Koti lipo, lakini kazi yake ni kushikilia hewa kavu katikati ya nywele, na hewa hiyo ndiyo inayouhifadhi mwili wenye joto la nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Manyoya yakilowa, hewa inatoka na maji yanachukua nafasi yake, na hapo koti limekwisha kazi. Ndiyo maana mimi huogopa zaidi siku ya nyuzi 3 yenye mvua na upepo kuliko siku kavu, tulivu, ya nyuzi 2 chini ya sifuri, ingawa kipimajoto peke yake kingekuambia kinyume.

Kama unataka namba, wengi wetu huanza kuwa waangalifu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, hasa kwa watoto wa paka, wazee, wagonjwa na waliokonda, na likifika sifuri tunawaweka ndani wote. Namba hizi si sheria. Paka wa aina ya Maine Coon, mwenye manyoya marefu ya juu na mengine mazito chini yake, hawezi kupimwa kwa mizani moja na Sphynx asiye na manyoya. Chausiku wako, mwenye nywele fupi, yuko katikati, tena kuna jambo ambalo watu hulisahau: manyoya ya majira ya baridi huota hasa kwa kufuata kupungua kwa mwanga wa mchana, kwa hiyo paka anayeishi chini ya taa na karibu na hita huenda asiote koti kamili kama la mwenzake aishiye nje.

Ninavyoona mimi, paka anaijua vizuri baridi anayoihisi, na ule mguu unaokung'utwa ni ushahidi. Asilolijua ni kwamba akishatoka, wewe utafunga mlango na kwenda kazini. Kwa hiyo, kwangu kanuni ni mbili: hatoki kama hakuna mtu nyumbani wa kumfungulia, na hatoki giza likiingia. Mengine tunajadiliana naye mlangoni.

Msaidizi wa Kliniki alijibu:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, nami ningependa kuongeza hatari ambazo si baridi yenyewe bali huja pamoja nayo, kwa kuwa ninafanya kazi kwa daktari wa wanyama na hizi ndizo zinazoninyima usingizi.

Ya kwanza ni magari. Paka akipatwa na baridi hutafuta joto, na injini iliyozimwa muda mfupi uliopita ni kitanda kizuri; atapanda kupitia chini na kujikunja karibu na mkanda wa feni. Kabla ya kuwasha gari, gonga boneti mara mbili tatu, kisha subiri kidogo, kwani paka aliyeshtuka usingizini huhitaji muda wa kutoka.

Ya pili, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, ni kile kimiminika kinachotiwa kwenye rejeta ili maji yasigande. Aina nyingi zina ethilini glikoli, na kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinaweza kumuua paka. Husemwa kwamba wanyama huvutwa na utamu wake. Mbwa huenda ikawa hivyo, lakini paka hana uwezo wa kuonja utamu. Yeye huinywa kwa sababu maji mengine yameganda na hii haijaganda, au huikanyaga kisha akajilamba. Mwanzoni hupepesuka kama mlevi na kutapika, na mwenye paka akidhani ni jambo la kupita hudanganyika, kwani wakati huohuo figo zinaharibika. Dawa ipo, lakini kwa paka inapaswa kutolewa ndani ya saa tatu hivi tangu alipokunywa. Usisubiri kesho.

Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huwasha nyayo, na paka huilamba. Mfute miguu kwa kitambaa chenye maji vuguvugu kila anaporudi, hasa katikati ya vidole, ambako theluji hushikamana na kuwa vibonge.

Dirisha la Mashariki alijibu:

Mimi nitakuwa mkali zaidi kidogo. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, nasi katika majira haya hatumtoi nje hata kidogo. Wangu alilia kwa wiki mbili, kisha akaacha. Kosa nililolifanya mwaka wa kwanza lilikuwa kukataa mara tisa na kumfungulia mara ya kumi kwa kuchoka; nilichomfundisha ni kwamba avumilie mpaka ya kumi.

Badala ya mlango, mpe kazi. Mimi huvuta kamba yenye manyoya mwishoni kwa dakika kumi, yeye anawinda, anakamata, ndipo nampa chakula, na akishashiba hujilamba na kulala. Jambo jingine, dada au kaka uliyeuliza: una beseni la mchanga ndani? Paka aliyezoea kujisaidia bustanini huweza kuubana mkojo akikuta ardhi imeganda, na hilo huleta matatizo ya kibofu. Dume anayejikakamua bila mkojo kutoka ni wa kupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo.

Mwenye Chausiku aliandika tena:

Nawashukuru sana. Beseni halikuwepo, nimeliweka leo, na sasa nashuku kwamba sehemu ya kile kilio ilikuwa ni haja tu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Masikio yale yaliyokuwa baridi, ningejuaje kama yamedhurika? Na yupo paka mwingine asiye na mwenyewe, anayelala chini ya ngazi yangu ya nje na hakubali kushikwa. Huyo nimsaidieje?

Msaidizi wa Kliniki alijibu:

Masikio baridi peke yake si ugonjwa, kwa sababu mwili hupunguza damu inayokwenda kwenye ncha ili kuhifadhi joto la ndani. Yaliyodhurika huwa magumu, yamepauka au kuwa ya kijivu, na yakipata joto huvimba, huwa mekundu na kuuma. Kwa paka mweusi rangi hudanganya, hivyo tumia vidole. Usisugue wala usitumie kikausha nywele. Kanda kwa maji vuguvugu kisha umpeleke kwa daktari. Paka aliyekuwa akitetemeka akaacha kutetemeka ilhali bado ni baridi na mlegevu, hajapona, amezidiwa. Mfunge blanketi, mwekee pembeni chupa ya maji moto iliyoviringwa taulo, mwende kwa daktari mara moja.

Kwa huyo wa ngazini, tengeneza sanduku dogo, la kumtosha kujikunja tu, maana sanduku kubwa hawezi kulipasha joto kwa mwili wake. Liinue kutoka ardhini, utoboe tundu la sentimita 15 hivi upande usioelekea upepo, na ndani ujaze mabua makavu ya ngano. Blanketi usiweke, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuganda, ilhali mabua humwezesha kujichimbia ndani yake. Maji mpe kwenye chombo chenye kina, na uyabadilishe mara kadhaa kwa siku.

Mwenye Chausiku aliandika tena:

Sanduku limekwisha, na mabua nimeyapata. Chausiku amelikagua kabla halijatoka nyumbani, akaingia, na mpaka naandika haya bado hajatoka. Itabidi nitengeneze la pili.