Naomba ushauri: kuunganisha jengo la zamani na ofisi mpya, Moshi mjini

Wakuu, habari za leo. Familia ina jengo la zamani hapa mjini, duka mbele, ua nyuma. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kweli, na mbao za paa bado ngumu. Tunataka kupandisha ofisi za ghorofa tatu uani, za zege na vioo, mbele pabaki palivyo. (Baba mdogo anataka tubomoe yote. Tumemkatalia.)

Fundi anataka kuchimbia nondo za zege jipya kwenye ukuta wa zamani. Mimi nasita: jengo jipya litatitia kidogo, la zamani lilishatulia kitambo, si ukuta utapasuka? Naona bora jipya liwe na msingi na nguzo zake, liachiwe nafasi katikati, juu tufunike kwa bati.

Halafu kona moja ameshaipiga plasta ya saruji. Tangu masika unyevu hautoki, chumvi inachomoza, rangi inabanduka. Niibandue nirudishie chokaa?

Na kibali je, nianzie manispaa au Idara ya Mambo ya Kale (wanaosimamia majengo ya kihistoria)? Mwenye fundi anayejua chokaa, Moshi au Arusha, anielekeze tafadhali.